Kilio Kinuni Ogwedhi

SEHEMU YA KUMI NA NNE

Alifungua.

Nyinyi mlioniandikia wiki nzima mkiapa kwamba Inspekta Caren angeupita ule mlango kama alivyoipita mingine, poleni sana. Alisukuma mabati kwa bega, komeo likang'oka, na kilio kikamjia usoni.

Kama umetukuta njiani, kaa hapa nikueleze upesi. Tuko Ogwedhi, siku ya mnada wa ng'ombe, saa tano asubuhi. Kwa miaka kumi na mmoja sasa, kila mtu kuanzia Migori hadi Homa Bay huweka tone moja la dawa chini ya ulimi kila asubuhi, kwa amri ya Idara ya Utulivu. Tone huondoa hasira. Huondoa pia huzuni na furaha, maana wakubwa walishindwa kung'oa gugu moja bila kung'oa shamba lote. Asiyelinywa hupelekwa Nyumba ya Kimya, kule Homa Bay ufukweni mwa ziwa, na huko harudi.

Caren ni inspekta wa Idara hiyo. Siku tatu zilizopita chupa yake ilivunjika walipokuwa wakimfukuza mtu mjini Migori, na hakuomba nyingine. Hajui kwa nini hakuomba. Tangu jana kifua kinambana na chai ina ladha asiyoikumbuka, na yeye anadhani ana malaria.

Tangu alfajiri kinu cha posho kilikuwa kinanguruma pembeni mwa mnada. Dizeli ikaisha, kinu kikazima, na watu wakasikia kitu ambacho hawakuwa wamekisikia kwa miaka kumi na mmoja: mtoto mchanga analia. Hakuna aliyeshangaa. Wauzaji waliendelea kutaja bei mara moja, wanunuzi wakaendelea kukubali au kuondoka, kama mnada unavyokwenda siku hizi. Ni Caren tu aliyeondoka mahali alipokuwa.

Ndani ya kibanda cha kinu kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja alikuwa mzee, ameketi juu ya gunia na mtoto mapajani, unga umemwingia hadi kwenye kope. Wa pili alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, na huyo hakuwa ameketi. Alikuwa nyuma ya mlango, mchi mkononi.

Caren aliuona mchi ukija. Aliinama, ukapiga mabati, na kabla haujanyanyuliwa tena alikuwa amekwisha kumshika msichana kifundo cha mkono, akaupinda nyuma, akamlaza kifudifudi juu ya pumba. Idara huwafunza watu wake vizuri.

"Niue kwanza," msichana alisema, mdomo ukiwa kwenye pumba. "Ukitaka huyu mtoto, madam, niue kwanza."

"Nani amesema habari ya kuua? Jina lako."

"Metrine."

"Na wewe, mama?"

"Priscah," yule mzee alijibu bila kuinua macho. "Nilikuwa mkunga Kosele. Siku hizi nasaga unga tu."

"Mtoto ana siku ngapi?"

"Kumi na sita."

"Na hajapewa tone."

"Si unasikia mwenyewe."

Sheria inajulikana. Mtoto hupewa tone siku anayozaliwa. Akikutwa hajapewa, hupewa hapo hapo, kisha hupelekwa Homa Bay, na mama yake hamwoni tena. Caren alikuwa amepeleka saba. Watoto wale hukua, hula, huenda shule, na ukiwaita hugeuka. Lakini hawamtazami mtu usoni, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Akatoa mfukoni kile kichupa chenye kifuniko cha buluu, cha watoto. Akakifungua kwa meno huku mkono mwingine bado umemkandamiza Metrine. Mtoto alikuwa msichana, mwekundu kwa kulia, ngumi mbili zimekazwa. Caren alileta kichupa hadi mdomoni mwake, na hapo mkono ukakataa kuinama. Koo lilikuwa limemkauka kama mtu aliyemeza kiazi bila maji. Malaria, akafikiri. Leo imepanda kooni.

"Ukimpa hilo," Metrine alisema polepole, "utakuwa umenizikia mtoto akiwa mzima."

"Madam?"

Hiyo ilikuwa sauti ya nje. Konstebo Zadock, mtu wa Kosele, amefanya kazi na Caren miaka tisa. Mkavu, mtaratibu, hajawahi kuchelewa kazini hata siku moja. Alikuwa upande wa tangi la dizeli, na hatua zake zilikuwa zinakaribia.

"Madam, ile sauti iko kwako?"

Caren alitazama kichupa. Alimtazama mtoto, aliyekuwa bado analia kwa nguvu zake zote.

"Ni paka," akasema kwa sauti ya juu. "Amenaswa kwenye mkanda wa kinu."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa miaka kumi na mmoja. Asiyehisi kitu hana haja ya kudanganya. Zadock alisimama nje ya mabati, akalipima jambo hilo bila haraka.

"Paka," alisema. "Sawa. Nimlete Barnabas na bambo tukague magunia? Ni utaratibu."

"Mlete. Lakini malizeni kwanza vile vinu viwili vya upande wa Wakuria. Mkimaliza kimoja, piga filimbi nijue."

"Sawa, madam."

Bambo ni kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho wanunuzi wa mahindi hudunga gunia kuchota punje za kuangalia. Idara hukitumia kutafuta watu. Caren alisikia hatua zikienda, akamwachilia Metrine mkono, akakifunga kichupa.

"Mna muda wa vinu viwili," alisema. "Mnyamazisheni."

Metrine aliinuka, pumba zimemjaa shavuni, akamtazama inspekta kama anayetazama ng'ombe aliyesema neno. "Titi amekataa," alijibu. "Tangu juzi. Joto hana, tumbo halijamvimba. Analia tu."

"Analia jina," Priscah alisema.

Caren alikuwa ameyasahau maneno hayo, na aliposikia akayakumbuka yote. Kwa Wajaluo, zamani kabla ya tone, mtoto akilia hivi bila ugonjwa, wazee walisema kuna marehemu wa ukoo anayetaka mtoto arithi jina lake. Basi wafu wa nyumba hiyo walitajwa, mmoja baada ya mwingine, na likitajwa lile linalotakiwa, mtoto hunyamaza. Hutajwa wafu peke yao. Aliye hai haombi jina, bado analitumia mwenyewe. Tangu tone liingie hakuna mtoto aliyelia, kwa hiyo hakuna marehemu aliyerithiwa.

"Basi mtajieni," Caren alisema.

"Nimetaja wa kwetu wote, hadi mjomba wangu aliyekufa na pikipiki," Metrine alijibu. "Hataki."

"Wa kwenu si wake," Priscah alimwambia. "Mtoto ni wa kwa baba. Na huyo baba yake, ukimuuliza habari ya watu wao, anatoka nje anasimama uani."

"Baba yuko wapi?"

"Ameenda Migori kutafuta dizeli ya kinu."

"Anaitwa nani?"

Mtoto alivuta pumzi, akaanza upya kwa nguvu zaidi. Kutoka upande wa Wakuria ilisikika filimbi moja ndefu. Kinu cha kwanza kilikuwa kimekwisha.

"Levis," Metrine alisema. "Levis wa Joash. Kwao ni karibu na Asumbi, hapo kwa misheni."

Wasomaji wangu wa tangu sehemu ya kwanza, najua mmeketi wima. Ndiyo, ni yule yule. Caren alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, na ndugu huyo, Levis, alitoroka miaka minne iliyopita, mchana wa siku waliyomzika baba yao.

"Mimi ni Caren," alisema.

Metrine alirudi nyuma hatua moja, akamkinga mtoto kwa mgongo wake. "Levis aliniambia dada yake alikufa."

"Alisema hivyo?"

"Alisema alikufa siku ya matanga ya baba yao. Sikujua anamaanisha hivi."

Caren alitafuta ndani yake mahali ambapo maneno hayo yangeuma. Hakupaona. Alijishikilia kwenye mdomo wa kinu ambao bado ulikuwa na joto.

"Basi wewe ndiye unayewajua wafu wao," Priscah alisema. Mzee huyu hakuwa na muda wa kushangaa. "Kuja hapa, waya. Kaa chini." Waya ni shangazi, na tangu azaliwe Caren hakuwa ameitwa hivyo na mtu.

Akaketi juu ya gunia. Priscah alimweka mtoto mapajani mwake, na Metrine akasimama juu yao, mchi umerudi mkononi.

"Joash," Caren alianza. Ndiye marehemu wa karibu.

Mtoto akalia.

"Abonyo." Bibi yao, aliyekuwa anavuta tumbaku moto ukiwa ndani ya mdomo. Mtoto akarusha mguu.

"Ogola." Babu. Hapana.

"Nyagilo. Shangazi, alikufa kwa uzazi." Mtoto alinyamaza kidogo, Metrine akashika pumzi, kumbe alikuwa anameza mate. Akaendelea.

"Oyieko. Sijui kama alikuwa wa kwetu au jirani."

"Sio huyo," Priscah alisema. "Wengine."

"Wamekwisha. Sisi si wengi."

"Fikiria."

"Nimefikiria, mama."

Filimbi ya pili. Sauti za wanaume wawili zilianza kusikika zikija, bila haraka, zinazungumza kuhusu chakula cha mchana.

"Na mama yenu?" Priscah aliuliza.

"Mama ni mzima."

Hapa inabidi niwakumbushe jambo ambalo Caren mwenyewe hulisema bila sauti yake kubadilika. Siku ya mazishi ya Joash, waombolezaji wote walisimama kimya kama sheria inavyotaka, na mama yao, Akelo, aliposikia udongo ukigonga jeneza, alipiga ukelele. Hakuwa amekunywa tone siku hiyo. Caren alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwake, na sare mwilini. Alimwekea mama yake kipimo cha tone shingoni, taa ikawaka nyekundu, akajaza fomu. Kitambaa cha kichwa cha mama kilikuwa kimelegea, akakifunga vizuri. Kisha akamfunga pingu, akampandisha lori la Homa Bay. Jioni alikula ugali na samaki, akalala.

"Yuko Homa Bay," Caren alisema. "Kila Januari napata barua. Yuko salama, anakula vizuri."

"Anaandika nani hiyo barua?"

"Idara."

"Mtaje," Priscah alisema.

"Jina la mtu mzima halitajwi hivi. Ni kumwitia kifo."

"Mtaje, binti, nyar Joash. Hao watu wako wamefika."

Kweli walikuwa wamefika. Kivuli cha mmoja kilipita kwenye matundu ya misumari ya mabati.

"Akelo," Caren alisema.

Mtoto alinyamaza.

Alinyamaza katikati ya kilio, mdomo bado wazi, kisha akaufunga. Ngumi zikafunguka. Metrine alimwekea kidole chini ya pua kuona kama anapumua.

"Akelo?" Priscah alirudia, kuhakikisha.

Mtoto alipiga chafya ya unga, akamtazama Caren usoni.

"Pole, waya," mkunga alisema. "Pole sana, mwanangu."

Caren alikuwa amezoea ushahidi. Alijua kuupokea na kuuandika, na huu ulikuwa mapajani mwake, umefumba macho, unalala. Mama alikuwa amekufa. Hakukuwa na kaburi alilolijua Caren, wala siku, wala mtu aliyemlilia. Barua zote zilikuwa za uongo. Kilichokuwa kinambana tangu jana hakikuwa malaria, ilikuwa huzuni, na sasa ilimjaa yote kwa mara moja, ya miaka minne. Alimpenda mama yake, na alimpeleka kwa mikono yake mwenyewe.

"Baadaye," Priscah alimnong'oneza, akimpokonya mtoto. "Utalia baadaye."

Mtoto aliingizwa kwenye kikapu, pumba zikawekwa pembeni na gunia tupu juu, kikapu kikasukumwa kwenye safu ya magunia, cha saba kutoka mlangoni. Metrine aliketi chini akaanza kupepeta unga ambao hakuna aliyeuhitaji. Caren alisimama, mikono nyuma, uso umefungwa.

Zadock aliinama kupita mlangoni. Nyuma yake alikuja Barnabas, mwanamume mwenye mabega ya kubebea jeneza, na bambo mkononi.

"Paka yuko wapi?" Zadock aliuliza.

"Ametoka."

"Na hawa?"

"Nimewapima. Kijani wote wawili."

Zadock aliandika. Aliandika paka pia. "Barnabas, anza na la mlangoni," alisema.

"Nimeshakagua magunia," Caren alisema.

"Najua, madam. Ni utaratibu. Wa pili hukagua alichokagua wa kwanza, ulinifunza wewe."

Bambo liliingia gunia la kwanza hadi kwenye mpini, likatoka na mahindi. Barnabas aliyamwaga kiganjani, akayatazama, akayarudisha. La pili likatoa unga. La tatu likatoa pumba. Alikuwa anafanya kazi kama mtu anayechimba mashimo ya miche, kwa nguvu ile ile kila mara.

Caren alikuwa na bastola. Alihesabu: hawa wawili, na wanne kwenye lori. Akifyatua, wanne watakuja mbio na kukipekua kinu chote, kikapu kikiwemo. La nne. Metrine alikuwa amekazia macho ungo wake. La tano.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo afisa wa Idara huacha kila kitu ili kulikimbilia. Liko ukurasa wa kwanza wa kitabu chao. Kilio cha mtu mzima mbele ya umma. Wakubwa wanakiogopa kuliko bunduki, maana wanaamini kinaambukiza.

Na Caren hakuwa na haja ya kuigiza.

Barnabas alidunga la sita. Caren alipita kati yao, akatoka nje kwenye jua, akaweka mikono yote miwili kichwani kama wanawake wa kwao walivyofanya, akapiga nduru.

Kama wewe ni mdogo, hujawahi kuisikia. Nduru ni mwanamke anatangaza kifo, sauti ndefu ya juu inayofika kijiji cha pili, na ndani yake analitaja jina la marehemu ili wanaokuja mbio wajue wanamlilia nani.

"Uuuwi! Akelo! Mama yangu Akelo! Nimekupeleka mimi, mama, nimekuua mimi!"

Mnada mzima uligeuka. Watu walimtazama, mia tatu, mia nne, nyuso tupu, wakisubiri kuona kama atanyamaza. Mmoja alipisha ili wa nyuma aone. Mzee mmoja Mjaluo aliyekuwa anauza fahali aliinua fimbo yake nusu, kama anayetaka kufanya kitu nayo, akaisahau hewani.

Lakini ng'ombe hawanywi tone. Walirusha vichwa, wakaanza kusukumana zizini. Caren aliona, akakimbilia lango, akatoa nguzo ya kwanza na ya pili, akaingia katikati yao akilia na kupiga kelele. Zamani, matangani, ng'ombe walikimbizwa uwanjani ili kifo kifukuzwe nyumbani. Hawa walikimbia bila kuambiwa. Walitoka wote, fahali mbele, wakapita katikati ya mnada, na vumbi likaifunika Ogwedhi.

"Kilio!" maafisa walisikika wakiitana kutoka lorini. "Kilio, upande wa zizi!"

Barnabas alitupa bambo, akatoka mbio. Zadock akamfuata. Maafisa wawili walijaribu kukata njia mbele ya fahali, mmoja akaangushwa, akabaki ameketi chini akiutazama mguu wake uliovunjika bila hata kukunja uso. Caren alikimbia upande wa pili kabisa, mbali na kinu, jina la mama yake bado mdomoni. Alikuwa analia hadi haoni mbele, na ilikuwa inamuuma, na hakutaka ikome.

Mara moja tu aligeuka kutazama. Kwenye barabara ya kuelekea Narok, wanawake wawili walikuwa wanatembea. Mzee alikuwa na kikapu kichwani. Msichana alikuwa na ungo. Walikwenda mwendo wa watu wa siku hizi, usio na haraka, na hakuna aliyewatazama.

Zadock alimpata kwenye ngazi ya udongo ya kupandishia ng'ombe kwenye malori. Alimkamata kiuno, wakaanguka pamoja. Akamwekea goti mgongoni, akamfunga pingu, akamwekea kipimo shingoni. Nyekundu. Aliiandika.

"Pole, madam," alisema, kwa sauti ile ile ya kusema habari za asubuhi. "Ni utaratibu."

"Najua."

Caren alikuwa amelaza shavu kwenye mavi makavu ya ng'ombe, na machozi yalikuwa bado yanatoka. Hakujali. Hesabu yake ilikuwa moja tu: kikapu kina dakika ngapi. Kumi zingetosha. Baada ya kona ya kwanza kuna vichaka, na baada ya vichaka ni Narok, ambako Idara ya huku haina mamlaka.

Zadock hakumwinua. Alikuwa amefunga daftari lakini hajalitia mfukoni.

"Madam, umemlilia mama yako."

"Ndiyo."

"Umemlilia kama marehemu."

Caren aligeuza shavu la pili chini.

"Amekufa kweli," Zadock alisema. "Mwezi wa pili tangu umlete. Mimi nilikuwa zamu Homa Bay mwezi huo. Nilichimba kaburi mimi na mwenzangu, usiulize ni wapi, sitakuambia. Mwenzangu naye ameshakufa. Daktari aliyethibitisha kifo hayuko nchini. Mimi niliapishwa, na sijamwambia mtu." Akayaweka mambo kwa mpangilio wake. "Jana ulikuwa unaamini yuko hai. Leo asubuhi pia, kwenye gari, ulisema barua ya Januari imechelewa. Nani amekuambia?"

Hapo ndipo Caren alipoelewa alichokuwa amekifanya. Angelia bila kutaja jina, wangekuwa salama. Lakini nduru isiyo na jina si nduru, na mdomo wake ulifuata desturi kabla akili haijaukataza.

"Ndoto," alisema.

"Wenye tone hawaoti."

"Sijanywa siku tatu."

"Nimeona." Zadock aliinua kichwa.

Alizaliwa Kosele, akalelewa na bibi aliyejua desturi za majina. Tone lilimwondolea mengi, lakini halikumwondolea kumbukumbu. Caren, akiwa chini, aliona macho yake yakienda bila pupa kwenye kinu, kwenye mlango ulioachwa wazi, yakakaa hapo kidogo, kisha yakapanda barabara ya Narok hadi kwa wanawake wawili waliokuwa hawajafika kwenye kona.

"Alinyamaza kwa jina hilo," Zadock alisema. "Huyo paka."

Akaitoa filimbi mfukoni, akaifuta vumbi kwenye suruali, akaitia mdomoni.